Kijana Aliyemaliza Kidato cha Nne na Jumuiya Yake

Leo nataka tuzungumze juu ya watoto wetu walioko katika shule za sekondari za Kanisa hapa Tanzania, na jinsi tunavyowaandaa kwa utume na utumishi. Nimelichagua jambo hili kwa kuwa msimu wake hauko mbali. Novemba kidato cha nne watamaliza mtihani wa taifa. Watafunga mabegi, wataagana kwa machozi, watapanda mabasi. Kisha watakaa nyumbani mpaka Julai ya mwaka unaofuata, ndipo kidato cha tano kianze. Ukiihesabu miezi hiyo inazidi saba, mirefu kuliko muhula wowote waliosoma. Kwa mtazamo wangu, hiyo ndiyo miezi inayotuonyesha kama shule ilimlea kijana awatumikie watu au ilimlea afaulu mtihani peke yake.

Nieleze ninachokiona. Katika shule hizi mtoto anaweza kuwa mwenyekiti wa TYCS, umoja wa wanafunzi Wakatoliki. Anasoma somo la kwanza kwenye Misa, anatumikia altareni, anapiga kinanda, anaongoza Njia ya Msalaba Ijumaa za Kwaresima. Kwenye kongamano la Pasaka anasimama mbele ya wenzake wa shule nyingine na kuzungumza bila kutetemeka. Mtoto huyohuyo akirudi nyumbani, Jumamosi alfajiri jumuiya ndogondogo ya Kikristo inasali nyumba ya tatu kutoka kwao, naye yuko kitandani. Imani hajaiacha. Hajui tu jumuiya yake inaitwa kwa jina la mtakatifu gani. Mwenyekiti wa jumuiya naye hamjui. Amesikia kwamba yule mama ana kijana anayesoma bweni, basi. Malezi ya miaka minne yameishia kwenye geti la shule.

Wengi wakiona hivyo huwalaumu vijana, na simu, na utandawazi. Mimi siwezi kuwalaumu. Kijana huyu alifundishwa utume katika mazingira ambayo kila kitu kimepangwa: kengele inalia, sista anapita bwenini, zamu zimebandikwa ukutani. Hakufundishwa kuuanzisha mahali ambapo hakuna kengele.

Inasikitisha zaidi kwa sababu njia inayotumiwa na TYCS ilizaliwa kutokana na tatizo hilihili. Mwanzilishi wake, Joseph Cardijn, alizaliwa mwaka 1882 pembezoni mwa Brussels, nchini Ubelgiji, katika familia ya watu wa kazi za mikono. Yeye akaenda seminari. Wenzake aliocheza nao utotoni wakaenda viwandani. Aliporudi likizo aliwakuta wamekuwa watu wengine. Walimtazama kama mtu aliyehamia upande wa mabwana. Mwaka 1903 baba yake akafariki, mwili umechakaa kwa kazi, na kijana yule akaapa kwamba maisha yake yatakuwa ya wafanyakazi. Alipokuwa padre alianza kukusanya vijana wa viwandani, wavulana kwa wasichana, katika vikundi vidogo, na mwaka 1925 chama chao kikasimama rasmi. Hapa kwetu tawi lake tunalijua kwa jina la VIWAWA. Wanafunzi nao wakachota kwenye chemchemi hiyo, na mwaka 1946 vyama vyao vya nchi mbalimbali vikaungana kimataifa.

Tafadhali tusilipite jambo hilo haraka. Mwanafunzi mmoja wa shule ya Kanisa alirudi likizo, akaona elimu yake imemtenga na watu wake, akaumia. Umoja ambao watoto wetu wanauimba leo ulitoka katika maumivu hayo. Ukiuweka ndani ya uzio wa shule peke yake, umeung'oa kwenye udongo ulioulea.

Cardijn alifundisha hatua tatu: ona, amua, tenda. Papa Yohane wa 23 alizikubali hatua hizo katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961 kuwa njia ya kuyaweka mafundisho ya kijamii ya Kanisa katika maisha. Mwanafunzi yeyote wa TYCS ukimwamsha usiku wa manane atakutajia zote tatu kwa mpangilio. Swali langu kwa walezi ni kama tunampa nafasi ya kuzipitia.

Twende kwenye ziara za matendo ya huruma, maana hapo ndipo shule nyingi huweka somo la utumishi. Mara moja kwa muhula wanafunzi wanachangishana. Wananunua sabuni, sukari, mchele na mafuta ya kujipaka. Basi linawapeleka kwenye kituo cha watoto yatima au makao ya wazee. Wanaimba, wanakabidhi vitu, wanapiga picha, mwakilishi wao anasoma risala, wanarudi kabla ya chakula cha jioni. Sitasema ziara hizo ni bure. Wapo vijana waliofunguka macho kwenye ziara moja ya namna hiyo, na sabuni ni sabuni, mtu anaifulia. Lakini angalia hatua zetu tatu. Kuona kumechukua saa mbili. Kutenda kulikamilika dukani, kabla hata ya kuona. Kuamua, ile hatua ya katikati ambapo kijana anakaa na kujiuliza kwa nini mambo yako hivi na Injili inadai nini hapa, haikuwepo kabisa.

Tuseme wanafunzi sita wa kidato cha tatu wanamtembelea bibi mmoja anayeishi peke yake karibu na shule. Hawaendi na basi, wanatembea. Hawaendi mara moja, wanakwenda kila wiki ya pili kwa mwaka mzima pamoja na mlezi wao. Siku ya kwanza wanafagia na kuteka maji. Siku ya tatu wanagundua kwamba bibi hawaoni vizuri: anawatambua kwa sauti. Siku ya tano anawaambia kuwa hajaenda hospitali kwa kuwa hana hela. Wakirudi shuleni wanakaa kwenye duara, wanasoma sura ya 25 ya Injili ya Matayo, na mlezi anawauliza swali moja tu: bibi huyu anakosa nini hasa? Mmoja anasema sukari. Mwingine anasema miwani. Mwalimu wa uraia aliyealikwa anawaeleza kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikwisha kutamka kuwa mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Basi kumbe bibi anakosa mtu wa kwenda naye ofisi ya serikali ya mtaa kuulizia utaratibu na kupata barua, na mtu wa kumshika mkono mpaka zahanati. Hapo watoto wameanza kuamua. Wamejua kwamba huruma ina njia zake, ina ofisi zake na foleni zake, na kwamba kumpenda mtu ni pamoja na kuifahamu haki yake. Kutenda kwao sasa kuna maana tofauti kabisa na kule kukabidhi mfuko mbele ya kamera.

Na niliseme hili la kamera, maana limekuwa jeraha. Mgonjwa aliyelala kitandani hakukualika umpige picha. Mtoto yatima atakua, atakuwa na heshima yake, na picha ile aliyopigwa akiwa amepewa mkate itakuwa ingali mitandaoni. Wanafunzi wafundishwe kabla ya kutoka getini: simu zinabaki, za walimu pia. Wafundishwe kubisha hodi, kusalimia kwa heshima ya mahali, kukaa chini wakikaribishwa, kuuliza jina na kulikumbuka. Wale masista wa Mama Teresa wa Mburahati, Dar es Salaam, wanaishi na wagonjwa usiku na mchana. Mwanafunzi akiwa huko, heri afue shuka na kulisha mtu mmoja uji, taratibu, mpaka bakuli liishe, kuliko kusoma risala.

Vilevile tusiwasahau wanafunzi wenyewe. Hawa ni watoto. Msichana wa miaka 15 aliyemshika mkono mgonjwa anayekata roho anarudi bwenini na kitu kizito kifuani. Kama hakuna padre mlezi au sista wa kukaa naye jioni ile na kumsikiliza bila haraka, tumemwumiza kwa jina la malezi. Na wasiende peke yao. Waende na watu wazima wawili au zaidi, mahali panapojulikana. Kanisa limejifunza kwa machungu makubwa duniani kote umuhimu wa ulinzi wa watoto, na utume hauwezi kuwa kisingizio cha kuulegeza.

Najua mkuu wa shule anayenisikiliza anasema moyoni: muda huo nitautoa wapi? Mzazi amelipa ada akitegemea divisheni wani. Jumamosi kuna majaribio, Jumapili mchana kuna masomo ya ziada. Hata dini yenyewe imekuwa somo la kufanyia mtihani. Mtoto anapata A ya Bible Knowledge na katika miaka minne hajawahi kumtembelea katekista wa kigango kilicho karibu na shule yake. Naelewa shinikizo hilo, na sidharau ufaulu. Mtoto wa mkulima aliyeuza ng'ombe kulipa ada ana haki ya kufaulu. Ila shule ya Kanisa ikibaki na sifa ya matokeo peke yake, mzazi ana haki ya kuuliza inatofautiana vipi na shule nyingine yoyote yenye walimu hodari.

Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amefundisha shule za Kikatoliki, Mtakatifu Maria kule Tabora na baadaye Pugu, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi mwaka 1967 alilalamika kwamba elimu tuliyorithi inawatenga vijana na jamii ambayo wangepaswa kuitumikia. Miaka sita baadaye, kule Valencia nchini Hispania, Padre Pedro Arrupe, mkuu wa Wajesuiti, aliwauliza watu waliosomeshwa katika shule za shirika lake kama kweli walikuwa wamelelewa kwa ajili ya haki na kwa ajili ya wengine. Jibu alilolitoa mwenyewe, kwa unyenyekevu, lilikuwa kwamba shirika halikuwalea hivyo. Baadhi ya wasikilizaji wake walikasirika. Watu hawa wawili, mmoja mwanasiasa na mwingine mtawa, waliyasema hayo juu ya shule walizozipenda.

Sasa nataka niende Buganda, tuwatazame vijana walioishi kwa ajili ya wengine, na huko nitakaa kidogo. Mashahidi wa Uganda tunawaadhimisha kila tarehe 3 Juni kwa damu ambayo wengi wao waliimwaga Namugongo mwaka 1886. Naomba leo tuitazame miaka ya kabla ya damu. Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882, hali ilipokuwa ya mashaka, wakaondoka wote. Walivuka ziwa wakaja upande huu wa kwetu, wakakaa Bukumbi, karibu na Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre wala Misa.

Waliobaki walikuwa nani? Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu, alikuwa amebatizwa Aprili 1882. Miezi michache tu ya Ukristo, na mapadre wameondoka. Yeye akaendelea kuwafundisha vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme, yaani Kabaka, akafundisha nyumbani kwake. Matia Mulumba akaanzisha kundi la waumini mbali na mji mkuu, Mityana. Mapadre waliporudi walikuta wanaojiandaa kwa ubatizo wameongezeka. Hakuna aliyekuwa amewapa ratiba, basi wala risala. Walichokuwa nacho ni mafundisho machache waliyoyashika kwa mikono miwili, na uhakika kwamba jirani asiyefundishwa ni jukumu lao. Yosefu Mukasa aliuawa Novemba 1885. Karoli Lwanga akaipokea kazi ya kuwalinda na kuwafundisha vijana wale, na usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, kifo kikiwa kimekwisha kukaribia, akawabatiza yeye mwenyewe wale waliokuwa bado. Kizito alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na umri wa miaka kama 14, sawa na mwanafunzi wetu wa kidato cha pili.

Nikiisoma habari hiyo naona jambo linalonifariji na kunishtua kwa pamoja. Linanifariji kwamba kijana wa Kiafrika alipoachiwa Kanisa alilibeba. Linanishtua kwamba sisi, wenye shule, mabweni na makanisa ya tofali, tunaogopa kumwachia kijana wa miaka 17 kipindi kimoja cha watoto wa Komunyo ya Kwanza.

Na hapa ndipo namgeukia mwenyekiti wa jumuiya, baba na mama mnaonisikiliza. Maaskofu wa ukanda wetu, katika umoja wao wa AMECEA, waliamua tangu mikutano yao ya 1973 na 1976 kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lisimame juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo. Huko ndiko mgonjwa anakojulikana kwa jina. Sasa kijana akija, anakuta nini? Anaambiwa apange viti. Kisha anakaa mwisho, karibu na mlango. Neno la Mungu linasomwa na mama aliyelisoma wiki iliyopita. Tafakari inafanywa na watu wale wale wawili. Halafu matangazo, na matangazo yote ni michango: ujenzi wa nyumba ya mapadre, zaka, harusi, msiba. Kijana hana kipato. Anasikiliza orodha ya vitu asivyoweza kuvitoa, na vile anavyoweza kuvitoa hakuna aliyeviuliza. Wiki ya tatu haji tena, nasi tunasema vijana wa siku hizi hawapendi kusali.

Mpeni kazi ya kweli. Anajua kusoma vizuri kuliko wengi wetu. Aongoze tafakari, akosee, arekebishwe kwa upole. Awe mwalimu msaidizi wa watoto wa Utoto Mtakatifu. Aandamane na mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anayepeleka chakula kwa wagonjwa, ajifunze kutoka kwa mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka 20 bila kutangazwa popote. Akae na katekista. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliitambua rasmi kazi ya katekista kuwa huduma ya kudumu katika Kanisa, lakini katika vigango vyetu, ambako padre hufika mara moja kwa mwezi, watu walikwisha kujua nani anaongoza ibada ya Jumapili na nani anakuja msibani. Wengi wa makatekista hao wamezeeka. Baiskeli imekuwa nzito. Ningependa kila kijana anayemaliza shule ya Kanisa atembee na katekista mmoja kwa miezi michache, akiona anavyowafundisha wakatekumeni chini ya mwembe na anavyopatanisha ndoa zilizovurugika.

Wapo waliokwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Huko Kibera, Nairobi, Wajesuiti wana shule ya sekondari iitwayo Mtakatifu Aloysius Gonzaga, iliyoanzishwa kwa ajili ya vijana waliofiwa na wazazi kwa ukimwi. Wanaohitimu hapo hutoa karibu miezi sita ya huduma kwa jamii kabla ya kwenda chuo. Ndugu yangu, wafikirie wanafunzi hao. Ni vijana ambao sisi wengine tungewaweka upande wa kupokea sabuni na sukari. Shule yao imewatazama ikaona watumishi. Kama kijana wa Kibera aliyefiwa na wazazi anaweza kutoa nusu mwaka, yule wa kwetu aliyelipiwa ada mpaka shilingi ya mwisho hawezi kukosa asubuhi mbili kwa wiki.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, nalo ni dogo kiasi kwamba halihitaji kamati. Kabla mtihani wa Novemba haujaanza, padre mlezi wa shule akae na kila mwanafunzi wa kidato cha nne, amuulize jina la parokia yake, kigango na jumuiya. Asiyejua apige simu nyumbani aulize. Kisha aandikiwe barua ya ukurasa mmoja kwenda kwa paroko wake: kijana huyu ametumikia kazi hizi, ana kipaji hiki, anahitaji kusaidiwa hapa. Paroko akiipokea asiiweke kwenye faili. Ampe mwenyekiti wa jumuiya, na mwenyekiti aende nyumbani kwa kijana kabla ya Noeli, akiwa na kazi mkononi ya kumkabidhi, yenye siku, saa na mtu mzima wa kufanya naye. Julai kijana anapoondoka kwenda kidato cha tano, jumuiya nayo iandike barua yake kwenda shule mpya, ieleze alichokifanya. Sista mkuu wa shule, baba paroko, mwenyekiti: karatasi mbili kwa kijana mmoja. Barua ya kwanza inaweza kuanza kuandikwa wiki hii, na mzazi ambaye mtoto wake yuko kidato cha nne anaweza kumpigia padre mlezi simu kesho asubuhi akamtajia jumuiya yao.